Mikono ya Sajini Kombo

Nomsa binti yangu,

Salamu tuziruke, maana tuko nyumba moja na chai ya asubuhi tumekunywa pamoja. Saa hizi uko Rosettenville kwa yule dada Mkongo, unasukwa nywele ambazo kambini watazikata siku ya kwanza. Nilikuambia, ukacheka, ukasema, "Baba, niache nifike nikiwa sharp." Haya. Nywele hizo zinanipa saa nne za kukaa peke yangu mezani, na barua hii imenishinda kuiandika ukiwa ndani ya nyumba.

Mambo ya masweta, vyeti na nani atakupokea uwanja wa ndege mama yako ameyamaliza. Mimi sina agizo hata moja. Kiswahili chako kimekomaa sana mwaka huu, lakini ukikuta neno limekushinda humu, usimuulize mtu wa kambini. Mpigie mama yako. Yeye anajua kilichomo. Nilimwambia wiki tatu zilizopita, na ndiyo maana analala kwenye kile chumba kidogo. Wewe ulidhani ni kukoroma kwangu.

Nianze na unachokijua, kwa sababu umekijua kutoka kwangu na nilikisimulia vizuri. Baba yako ndiye rubani wa kwanza wa kikosi chake kutua na helikopta juu ya meli inayotembea baharini. Hilo ni kweli. Kabla yangu kulikuwa na meli upande huu na helikopta upande ule, na wakubwa waliocheka wazo la kuviunganisha. Nilipelekwa ng'ambo zaidi ya mwaka mzima, nikatapika kwenye bahari za baridi ambazo sikutaka kuzijua, nikarudi na madaftari matatu na kiburi cha kujaza meli nzima. Tulichora sitaha ya meli kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira wa kambi. Nikatua pale mara mia na zaidi, mpaka majani yakaisha na timu ya kambi ikanichukia. Kisha tukaenda baharini.

Picha ile ya sebuleni ni ya siku hiyo. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza, yule mtu aliyesimama mbele ya helikopta, ametupa mgongo na kutanua mikono, ni nani? Nikakujibu, "Mtu wa sitaha tu." Anaitwa Sajini Kombo.

Kazi yake utafundishwa, lakini nataka uisikie kwangu kwanza. Rubani anayeshuka juu ya meli haoni magurudumu yake, haoni mkia wake, na sitaha iliyo chini yake inapanda, inashuka, inalala upande. Anayeona ni mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Akitanua mikono, unabaki pale pale. Akiishusha, unashuka. Akiiinua juu ya kichwa na kuipishanisha, unaondoka. Hiyo ya mwisho haina mjadala. Ndiyo amri ambayo sajini anampa meja, na meja anatii kwanza, anauliza baadaye. Mimi ndiye niliyeileta sheria hiyo kwetu, mimi ndiye niliyeiandika kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyemfundisha Kombo pale uwanjani, nikimsahihisha viwiko kama mwalimu wa kwaya. Kombo kanizidi miaka sita. Alijifunza ishara zote haraka kuliko nilivyojifunza mimi, jambo ambalo sikumwambia.

Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu bila kumkwaruza mtu. Tukiwa baharini tulikula sahani moja, na nilimcheka kwa kupenda kwake ndizi mbivu na wali. Nilidhani huo ni urafiki. Sasa naona kwamba yeye alikuwa rafiki na mimi nilikuwa mkubwa aliyeshuka kidogo kula.

Siku ya ajali, ambayo sijawahi kukusimulia, kulikuwa na wageni wakubwa juu ya meli. Waliwekewa viti na kivuli, na mwenye kipaza sauti alikuwa ameshanitangaza: rubani wa kwanza, baba wa urubani wa majini. Baba! Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilisikia maneno hayo kwenye redio nikiwa bado angani, na nakuambia ukweli, yaliniingia kama pombe.

Nilikuja kutoka nyuma ya meli kama kawaida. Upepo ukageuka. Meli ikalala kulia, ikachelewa kurudi. Kombo akainua mikono juu ya kichwa akaipishanisha. Nilimwona. Nilimwona vizuri kiasi kwamba mpaka leo nakumbuka glavu yake ya kushoto ilikuwa imechanika kwenye kidole gumba. Nilikuwa sijavuka hata reli ya meli, ule uzio wa ukingoni mwa sitaha. Nilikuwa na nafasi yote duniani ya kupaa, kuzunguka na kurudi upya. Ingenigharimu dakika tatu na aibu ndogo mbele ya viti vile.

Nikajiambia, huyu nimemfundisha mimi.

Maneno hayo tu, Nomsa. Sikufikiri kwamba Kombo amekosea. Nilifikiri kwamba yeye si mtu wa kunikatalia mimi, mbele ya watu. Nikashuka. Magurudumu yakagusa, na Yahya, baharia wetu wa kuifunga helikopta sitahani kwa minyororo, akakimbilia chini ya mapanga yanayozunguka kama kazi yake ilivyomtaka, kwa sababu kwake yeye gurudumu likigusa, helikopta imetua. Meli ikalala tena. Tukateleza wote, mimi na helikopta yangu, mpaka kwenye reli, na Yahya alikuwa katikati. Alifariki kabla hatujafika bandarini. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, aliyezoea kuimba akifunga minyororo ile ingawa hakuna aliyeweza kumsikia.

Kulifanyika uchunguzi. Jioni ya kuamkia siku ya kuhojiwa, mkubwa wangu aliniita ofisini akafunga mlango. Hakunitisha wala hakuniomba. Alisema, "Bakari, kikosi hiki bado kichanga. Rubani wa kwanza akikosea, kesho wanakifunga. Sajini akikosea, tunapata sajini mwingine." Kisha akaniuliza habari za mama yako, aliyekuwa na mimba yako ya miezi saba.

Nimetumia miaka mingi kumlaumu mtu yule. Ni kazi rahisi na nimeifanya vizuri. Lakini yeye hakuwepo chumbani nilipoulizwa, "Ishara ya kukukataza uliiona?" Nilikuwa mimi, na kinywa kilikuwa changu. Nilisema, "Ilikuja tukiwa tumeshagusa." Fundi aliyekaa nyuma yangu ndani ya helikopta alikuwa anatazama bahari. Wageni walikuwa wanatazama helikopta. Mikono ya Kombo tuliitazama watu wawili tu, mimi na yeye, na mmoja wetu alikuwa meja.

Kombo alivuliwa cheo, kisha akaondolewa jeshini. Mimi nilipandishwa. Nilifundisha marubani wengine saba, na kila mmoja nilimwambia kwa sauti kali kwamba mikono ikipishana juu ya kichwa hakuna mjadala. Walinipenda kwa ukali huo. Walisema, afande kapoteza mtu, anajua anachosema.

Ulipozaliwa, babu yako mzaa mama alikuwa ameshakuja huku. Familia ile ilikuwa imeishi kwetu ukimbizini miaka yote ya harakati za ukombozi, mama yako kazaliwa kwetu na kulelewa kwa Kiswahili, na sasa wote walikuwa wanarudi mmoja mmoja kwenye nchi ambayo yeye hakuijua. Mama yako akanisihi twende, na ulipofikisha miaka mitatu tukahama. Watu walidhani nimeacha mabawa yangu kwa ajili ya mapenzi. Hata wewe umekua ukijua hivyo, na mama yako pia aliamini, masikini, akajiona ana deni kwangu. Mimi nilikuwa nakimbia uwanja wa mpira wenye chokaa. Kila nilipopita pale niliviona viwiko vya yule mtu.

Hapa Johannesburg hakuna aliyenijua, nikapumzika. Unaijua kazi yangu. Marafiki zako umewaambia baba ni mkuu wa usalama wa anga huko Sandton. Cheo kizuri, asante. Mimi ni mlinzi anayesimama juu ya paa la ghorofa, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, anawapungia mikono helikopta za matajiri. Ndiyo kazi ya Kombo. Niliipata kwa sababu nilikuwa nazijua ishara, na sikuona chochote cha kuchekesha ndani yake kwa miaka mingi.

Sasa nikueleze kitu kibaya kuliko ajali.

Miaka miwili iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa hapa Mayfair, nilikuwa natafuta viatu vyangu pale nje nikasikia mtu amebana visigino nyuma yangu. "Jambo afande!" Nikageuka. Kombo. Amekonda, ndevu nyeupe, amevaa koti la kuazima. Alikuwa amekuja wiki mbili kumwona mwanawe anayetengeneza simu mtaa wa pili kutoka kwetu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia shikamoo, kwa umri na kwa kila kitu, lakini yeye alishatangulia kusimama wima katikati ya viatu vya watu.

Tukaenda kunywa chai kwa Msomali pale pembeni. Nilikuwa nangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ningelipokea na kujiona muungwana. Badala yake aliuliza habari za mama yako na zako, kisha akaweka kikombe chini.

"Afande, kuna jambo naomba nikuulize, maana ni wewe tu uliyekuwa unanitazama."

"Uliza, Kombo."

"Mikono niliinua wakati gani? Mimi nilivyokuwa nakumbuka, niliinua ukiwa bado nje ya reli. Lakini nimeambiwa miaka mingi kwamba nilichelewa. Sasa hata mimi nikifumba macho naiona mikono yangu inachelewa. Mke wangu ananiuliza, nashindwa kumjibu. Niambie tu ilivyokuwa. Sitaki kesi, sitaki kitu chochote."

Umesoma vizuri? Hakuwa amenifuata kudai. Alikuwa amekuja kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya hata kumbukumbu yake mwenyewe. Na mahali pale, mbele ya sambusa, hakukuwa na kikosi cha kulinda, wala mkubwa wa kufunga mlango, wala mimba ya miezi saba. Nilikuwa huru kabisa.

Nikasema, "Sikumbuki, Kombo. Ni zamani sana."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi huenda nilichelewa," akasema. Akaniandikia namba yake ya simu, akanilipia chai, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unasoma vitabu vyako vya fizikia kwenye zulia. Ukaniambia kwa Kiswahili chako kibovu cha wakati ule kwamba umeamua: utakwenda kwetu, utakuwa rubani wa majini kama baba. Nilikukumbatia. Ulidhani machozi yale ni ya fahari.

Tangu hapo ulianza kunitesa bila kujua. Kila jioni Kiswahili, kila jioni "Baba nisimulie tena ile siku ya kwanza." Ili wakupokee ulilazimika kuchagua uraia mmoja, ukaukana ule wa mama yako, na mama yako alilia siku mbili. Kwenye maombi yako uliandika ukurasa mzima juu yangu, ukanipa nikusahihishie. Nilikusahihishia ngeli. Mengine niliyaacha.

Mwezi Agosti, unajua pepo za Agosti za hapa, helikopta moja ya tajiri fulani ilikuja paani kwetu ikiyumba. Nikainua mikono juu ya kichwa nikaipishanisha. Rubani aliniona, tulitazamana macho. Akashuka hivyo hivyo, gurudumu moja likatangulia, nikalala kifudifudi kwenye sakafu. Hakuna aliyeumia. Alipotoka alinipiga begani akacheka, kama anayemtuliza mzee aliyeshtuka bure, "Eish, relax, madala!" Akaingia kwenye lifti na bosi wake. Mimi nilishuka kwa ngazi, ghorofa zote zile. Nilijua kwamba lingetokea jambo, karatasi ingesema mlinzi alichelewa.

Wiki ile ile niliandika maelezo ya kweli, kurasa mbili, kwa mkuu wa kikosi. Nilisema ishara ilikuja mapema, niliiona na kuipuuza, na nilimsingizia Sajini Kombo. Nikaweka sahihi. Kisha nikayafungia kabatini, kwa sababu majibu ya maombi yako yalikuwa hayajaja.

Hapo ndipo pa kunihukumu, kama unatafuta pa kuanzia. Niliacha jina langu la uongo likufungulie mlango. Ulipokubaliwa, tukachinja, ndugu wa mama yako wakaja na ngoma zao, ndipo nikaona sasa ninaweza kuwa mkweli. Nikamwambia mama yako kwanza. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka shati la mwisho, ndipo akasema, "Hawu, baba Nomsa. Miaka yote hii nimelala na nani?" Na kabla sijajibu, "Umemwacha mtoto akane uraia wake kwa ajili ya picha ya ukutani." Akahamisha mto wake.

Jumatatu niliyatuma maelezo yale. Alhamisi karani wa kikosi alinijibu kwamba yamepokelewa na kufikishwa panapohusika. Kwa hiyo ukifika getini kesho na kutaja jina lako, watakuwa wameshayasoma. Hutakuwa binti wa rubani wa kwanza. Utakuwa binti wa yule mwongo. Wengine watakuonea huruma, wengine watafurahi, na nadhani wenye huruma ndio watakaokuchosha zaidi.

Wewe mwenyewe utakuwa mwanamke wa kwanza kwenye kikosi kile, kama utaendelea. Nimekuwa wa kwanza, najua ladha yake. Watakupenda kwa namna mbaya. Hawatataka ukosee, na siku utakapokosea watatafuta haraka mtu mdogo wa kukubebea. Watamleta mezani kwako akiwa tayari ameandikwa, wewe utie sahihi tu. Sijui nikufundishe nini juu ya siku hiyo. Mimi nilipoletewa nilitia sahihi.

Unaweza pia usiende. Asubuhi ukitoka chumbani na nguo za nyumbani, sitakuuliza kitu, na uraia wako tutaushughulikia, hata kama ni miaka. Ukiniuliza mimi, nataka uende. Lakini nachunguza matakwa yangu na nakuta kwamba nataka uende ili kitu fulani changu kibaki safi kule, kwa hiyo usinisikilize.

Nimeacha kalamu hapo kwa muda, na sasa nimerudi mezani. Nilikuwa nimepanga kukutuma wewe kwa Kombo. Anakaa karibu na kambi. Ungekwenda siku yako ya kwanza ya ruhusa, umpe nakala ya maelezo yale, umpigie magoti, aone uso mzuri kuliko wangu. Nilishaitia nakala kwenye bahasha. Kisha nikaona kwamba huo nao ni mzigo wangu, na nilikuwa natafuta tena mtu mdogo wa kuubeba. Nikampigia simu mwenyewe.

"Kombo, ni Bakari."

"Jambo afande."

"Uliinua mikono mapema. Nilikuwa bado nje ya reli. Niliiona."

Kulikuwa na redio kwake, ikazimwa.

"Pale Mayfair ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Wakati ule mke wangu alikuwa hai," akasema. "Nilirudi nyumbani nikamwambia, afande mwenyewe hakumbuki, basi ni kweli nilichelewa. Amefariki mwaka jana. Amekufa akijua mimi ndiye niliyemuua Yahya."

Nilimwambia kwamba nimeandika maelezo, kikosi kimeyapokea. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba binti yangu anakuja kesho kujiunga, na angependa kufika kumsalimia.

"Mwambie asije kwangu," akasema. Hakupandisha sauti. Akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita afande.

Kwa hiyo nakala nimeitoa kwenye bahasha, na hapa nina agizo moja baada ya yote. Usiende kwa Kombo. Ukikutana naye barabarani, mwamkie shikamoo kama mzee yeyote, mpishe njia, na akikuuliza wewe ni binti wa nani, mtaje mama yako.

Baba yako,
Bakari